Nukta Nyekundu na Macho ya Dedan

Jumamosi, 3 Machi 1979

Mazoezi ya kulenga shabaha, nyuma ya stoo ya kiwanda. Nimekuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho ni mgonjwa, hakuja. Dedan ndiye wa kwanza, kama miaka yote. Alama zake leo zilikuwa chache kuliko kawaida. Hakuna aliyelitaja jambo hilo isipokuwa mimi, na nililitaja kwa sauti.

Naandika ili siku moja wajukuu wangu waelewe. Babu yao alikuwa karani katika kiwanda cha mablanketi. Kiwanda kina klabu ya shabaha na bunduki moja ya upepo, inayolala kabatini kwa Abdiqadir, mtunza stoo, ambaye pia ni mwenyekiti wa klabu. Kila mwaka tunashindana na watu wa kiwanda cha sabuni. Halafu tunapigwa picha, na nahodha husimama katikati. Picha hutundikwa kwenye kantini. Nahodha ni Dedan Ndung'u, fundi wa mashine ya kufuma, jirani yangu hapa Dandora, ukuta kwa ukuta. Katika picha ya mwaka jana mimi pia nipo. Kinaonekana kiwiko changu.

Mwaka huu mambo ni mengine. Patrobas, mtoto wa mjomba, alikuwa mpishi wa kampuni ya wawindaji. Uwindaji ulipopigwa marufuku, wageni walikunja mahema wakaenda kwao. Mswidi mmoja alimwachia kifaa cha kufungwa juu ya bunduki. Ni mrija mfupi mweusi, una betri ndogo kama kifungo cha shati. Patrobas anasema ukikiwasha unaona nukta nyekundu. Unaweka nukta juu ya kitu, unafyatua, kitu kinapigwa. Mswidi alikuwa hakosi. Nimempa Patrobas koti langu la kanisani, tukabadilishana.

Shindano ni tarehe ishirini na nne. Nimeanza kufikiria nitavaa nini kwenye picha.


Jumapili, 4 Machi

Kanisani bila koti. Mke wangu, Roseline, aliuliza liko wapi. Nikasema joto. Mvua ilikuwa inanyesha.

Mchana nilikiwasha kifaa mezani nikakielekeza ukutani. Hakuna nukta. Nikafunga dirisha. Hakuna nukta. Nikaning'iniza blanketi mlangoni ili giza liwe la kutosha, bado ukuta ni mweupe. Nilikuwa tayari kwenda kwa Patrobas kudai koti langu. Roseline akakichukua, akachungulia ndani ya mrija, akasema nukta iko humo, ni nyekundu, ni nzuri. Haiendi ukutani. Anaiona mwenye kuchungulia peke yake.

Nimemwambia nilikuwa najua.

Kupitia mrija huo nimeutazama ua wa Dedan. Nukta ilikaa juu ya kuku wao, kisha juu ya beseni, kisha juu ya Dedan mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda. Mke wake, Wacera, alikuwa anamsomea Biblia. Kitu cha ajabu, kwa sababu Dedan ndiye msomaji wa kanisa lao. Lakini sikuwaza sana. Nilikuwa nafurahia nukta.


Jumatano, 7 Machi

Baada ya kazi nimekifunga kifaa kwenye bunduki. Abdiqadir alisimama hapo akinitazama, maana bunduki haitoki machoni mwake. Juu ya bunduki kuna reli fupi ya chuma. Kifaa kina vibano viwili vya kushika reli hiyo, na skrubu za kukaza. Nilianza na bisibisi kubwa mno. Nikachubua kichwa cha skrubu moja. Abdiqadir akanipa bisibisi ndogo bila kusema neno. Ana namna ya kutosema neno ambayo ni matusi matupu.

Nilipomaliza nikagundua nimekifunga nyuma mbele. Nukta ilikuwa inamtazama adui. Nikafungua, nikafunga tena.

Abdiqadir aliuliza kama reli imefutwa mafuta. Nikamwambia mafuta hulinda chuma. Akaandika jina langu kwenye orodha ya watakaotumia bunduki Jumamosi, akaenda kuswali.


Jumamosi, 10 Machi

Siku mbaya.

Kifaa kina skrubu mbili ndogo zaidi. Ya juu hupandisha na kushusha nukta, ya kando huisogeza kushoto na kulia. Kazi ni kuifanya nukta na risasi zikubaliane. Niliweka nukta katikati ya karatasi, nikafyatua. Risasi ikatoboa chini, upande wa kushoto. Nikazungusha skrubu. Risasi iliyofuata ikaenda chini zaidi. Nikazungusha kinyume. Ikaenda kulia. Nikazungusha zote mbili. Ikapotea kabisa, tukasikia bati la choo cha walinzi likilia. Mlinzi alitoka akishika suruali.

Kila risasi, nikazungusha. Kila nilipozungusha, hali ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa kama mtu anayemkimbiza kuku kwenye uwanja usio na ukuta.

Dedan alikuwa ameketi kwenye kreti nyuma yangu. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikuja akachuchumaa kando yangu, akasema:

“Unaifukuza risasi, jirani. Risasi moja haikuambii kitu. Piga kadhaa bila kugusa skrubu, uone zenyewe zinapenda kukaa wapi. Zikikaa pamoja, hata kama ni mahali pabaya, utajua ni umbali gani wa kuzirudisha.”

Nikamwambia kifaa hiki ni cha Uswidi na kina kanuni zake.

Akasema sawa. Akarudi kwenye kreti.

Nilipokifungua nikaona kimeteleza nyuma kwenye reli. Bunduki hii ina springi kubwa, kila ukifyatua inaruka mbele na nyuma. Huenda mafuta yana lawama kidogo. Sikumwambia Abdiqadir.


Jumatatu, 12 Machi

Nimegundua jambo.

Tangazo jipya lilibandikwa kantini, kuhusu saa za zamu. Watu wakalizunguka. Dedan alisimama mbele yake muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kisha akaniuliza, kana kwamba ni mzaha, nimsomee wanasema nini hawa wakubwa. Nilimsomea. Baadaye nikapita kwenye mashine yake. Nyuzi zilikuwa zinakatika na yeye alikuwa anazitafuta kwa vidole, si kwa macho. Anapapasa, anakuta, anafunga. Haraka, kwa ustadi, lakini anapapasa.

Biblia, tangazo, alama zinazoshuka. Dedan haoni vizuri.

Nimekaa na habari hii mchana wote, kama mtu aliyeokota pochi njiani. Nikienda kwa meneja, Dedan ataondolewa kwenye mashine kesho. Hilo sitalifanya. Mimi si mtu wa namna hiyo. Lakini akionekana mwenyewe, hadharani, kwenye shabaha, kwamba hawezi tena, basi unahodha utaondoka peke yake, wala hakuna atakayekuwa amemsema.

Mpango: nitampa kifaa. Nukta imepotea njia, hata mimi sijui imeelekea wapi. Atakitumia mbele ya watu wote Jumamosi, atakosa, na watu watasema mzee kachoka. Mimi nitarudi kulenga kwa ncha ya mbele na mfuo wa nyuma, vya kawaida vya bunduki, na nahodha atatafutwa mwingine.

Roseline aliniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema namfikiria jirani. Akasema hilo ni jambo jema.


Alhamisi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Dedan jioni na kifaa kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikasema kijana anapaswa kumpisha mkubwa, na kwamba kitu kizuri ni cha mtu anayejua kukitumia. Maneno yalitoka vizuri hata nikashangaa.

Dedan alikichukua, akakipapasa kote. Akachungulia. Nikadhani amegundua mtego.

Kisha akamwambia Wacera atuache kidogo, akasema polepole:

“Baba Linet, nani amekuambia?”

Nikauliza kuniambia nini.

“Habari ya macho yangu. Ni mwaka sasa. Cha mbali nakiona. Cha karibu ni ukungu. Bunduki inataka uone mfuo wa nyuma, ncha ya mbele, na karatasi kule, vyote vitatu kwa pamoja. Mimi naona karatasi tu. Hivyo viwili nabahatisha. Sijamwambia mtu isipokuwa mama watoto. Nilifikiri hakuna aliyeona.”

Akachungulia tena, akaelekeza dirishani kwenye mnara wa taa za barabarani.

“Hapa kuna nukta na kuna kule. Basi. Sina haja ya kuona cha karibu. Wewe ulijuaje?”

Nilisema tu kwamba majirani huonana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika kwa muda. Mikono yake ni migumu kwa nyuzi. Nilitazama sakafu. Saruji ya Dedan imelala vizuri kuliko yangu.

Usiku huu sina hamu ya kuandika zaidi.


Jumamosi, 17 Machi

Dedan aliianza kazi kama mtu anayeosha mtoto. Kwanza alifuta reli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka ikakauka. Akafunga kifaa, na nyuma yake akabana kipande cha chuma alichokichonga mwenyewe, ili kisiteleze. Akakaza skrubu kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu. Abdiqadir alikubali kwa kichwa. Kwangu hajawahi kukubali kwa kichwa.

Kisha akasogea karibu na karatasi, karibu sana, hatua chache tu za mtoto. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema risasi iliyopotea hutafutwa karibu kwanza. Akapiga, akapiga, akapiga, hakugusa skrubu. Vitundu vikakaa pamoja kwenye kona ya chini kushoto, kama kuku wakijikunyata mvuani. Akavipima kwa kidole. Risasi ziko chini, akazungusha skrubu ya juu kuelekea alama ya kupanda. Ziko kushoto, akazungusha ya kando kuelekea kulia. Akapiga tena. Zikasogea zote kwa pamoja, zikakaribia katikati. Akarudi nyuma hadi mstari wenyewe, akarudia tena kazi ile ile.

Nukta ilikuwa inang'aa mno, inafunika shabaha nzima. Nilijua hilo tangu wiki iliyopita, nilinyamaza. Akaigundua mwenyewe, akaipunguza mwanga kwa kile kidude cha kuzungusha. Akapiga macho yote mawili wazi.

Zikaingia katikati. Si moja. Zote.

Hakupiga kelele. Aliiweka bunduki chini juu ya gunia, akavua kofia, akakaa nayo magotini. Abdiqadir alijifanya anatafuta funguo. Nami nilijifanya nafunga kamba za viatu. Mpango umeharibika vibaya sana, na kwa dakika nzima sikukasirika. Sijui nilikuwa na nini.


Jumanne, 20 Machi

Nimerudiwa na akili. Nilikwenda kwa Dedan kukichukua kifaa. Nilikuwa nimetunga sababu nzuri: Mswidi ameandika barua, anakitaka.

Dedan alikuwa hajarudi. Wacera alinikaribisha, akanipa chai. Akaniambia mumewe amelala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Kabla ya hapo alikuwa akiamka kabla ya kuku, anakaa mlangoni akihesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu na watoto waliobaki shuleni. Akasema wamenitaja kwenye sala ya nyumbani. Kwa jina, mimi na Roseline na binti yetu Linet.

Nilimsikiliza mpaka chai ikapoa. Habari ya Mswidi niliimeza pamoja na chai hiyo baridi.

Nilikwenda kuchukua kifaa, nikarudi na mayai aliyonipa Wacera. Roseline ameyakaanga. Yalikuwa matamu, jambo lililoniudhi.


Jumamosi, 24 Machi

Shindano. Watu wa sabuni walikuja na lori, wake zao na tarumbeta za karatasi. Walipokiona kifaa walilalamika. Abdiqadir akasoma kanuni zote mbele ya watu, taratibu, mpaka mwisho, akasema hakuna mahali pameandikwa hakiruhusiwi. Mwenyekiti wao akasema basi mwakani na wao watatafuta. Abdiqadir akasema watafute.

Mimi nilipiga mapema, kwa ncha na mfuo. Nilivuta pumzi kama Dedan, nikashika kitako cha bunduki kama Dedan, nikafumba jicho ambalo Dedan hafumbi. Karatasi yangu ilibaki karibu safi. Risasi yangu bora ya siku ilitoboa katikati kabisa ya karatasi ya kando, ambayo ilikuwa ya kijana wao aitwaye Muindi. Kijana mwaminifu. Alisema hiyo si yake. Mwamuzi akaamua mwenye karatasi ndiye mwenye tundu. Kwa hiyo nimewapa watu wa sabuni alama zao nzuri kuliko zote.

Dedan alipiga mwisho. Tulikuwa nyuma, na nyuma kwa sababu yangu. Alikaa muda mrefu kabla ya risasi ya kwanza, na katika kukaa huko niliona mgongo wake ukiinuka na kushuka, polepole, kama wa mtu aliyefika nyumbani. Nilijikuta naomba apate. Niliomba kwa kweli. Sielewi mtu anawezaje kuomba hivyo na bado kutaka unahodha. Lakini nilivitaka vyote viwili.

Alipata. Tulishinda kwa tofauti ndogo sana.

Kabla ya picha, akasimama mbele ya wote, meneja akiwemo. Akasema hatapokea mkono wa pongezi wa mtu kwa uongo. Macho yake ya karibu yamekwisha, na kama si Baba Linet aliyeona bila kuambiwa, akampa kifaa chake mwenyewe, leo angeaibika. Akasema meneja aamue atakavyoona inafaa, yeye amechoka kujificha.

Watu wote walinigeukia. Kisha makofi. Roseline alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tuoane. Nilifungua mdomo nieleze. Nikaufunga.

Katika picha Dedan alinivuta katikati, kando yake. Mpiga picha alituambia tusitikisike. Mimi sikutikisika hata kidogo.


Jumatano, 28 Machi

Dedan ameitwa ofisini. Mimi nilikaa mezani kwangu nikiandika namba zisizo sahihi. Alitoka akitabasamu. Ataendelea kiwandani. Atawafundisha mafundi wapya wa mashine, maana vidole vyake vinajua kuliko macho ya wengi. Kiwanda kitampeleka hospitali ya macho, na daktari wa kiwanda ameshasema huenda miwani ikatosha kwa kusoma.

Alinipitia mezani, akasema neno moja tu: “Jirani.” Akaenda zake.

Nimewaza siku nzima. Nimegundua kuwa, ukitazama vizuri, mpango wangu ulifanikiwa. Nilimpa kifaa. Alikitumia. Mwisho wake ni huu mzuri. Mtu anaweza asijue mwenyewe jinsi alivyo mwema mpaka matokeo yatoke. Nadhani nilijua tangu mwanzo. Nadhani ndiyo sababu niliacha skrubu vile.


Jumapili, 1 Aprili

Kanisani mchungaji ametaja upendo wa jirani na akanitazama. Nilitazama chini kwa unyenyekevu, nikihakikisha naonekana.

Mtu mwema anahitaji cheo, la sivyo wema wake unapotea bure. Mtaani tuna kikundi cha ujenzi, kila mmoja akijijengea vyumba kwenye kiwanja chake, na msimamizi ni Muasya. Anatembea na kamba na uzi akiwaambia watu kuta zao zimepinda. Ameniambia mimi pia, mbele ya fundi. Uchaguzi ni mwisho wa mwezi.

Nimemwona Abdiqadir ana pima maji mpya stooni, ile ya kuwekwa ukutani, yenye kiputo kwenye kioo. Nimemwomba aniazime. Ametoa bila kusema neno. Nitaipeleka kwenye ukuta wa Muasya hadharani, watu waone nani aliyepinda.

Kwanza nimeijaribu kwenye ukuta wa chumba chetu kipya, niliousimamia mwenyewe. Kiputo kimekwenda kando kabisa na kimekataa kurudi. Nimejaribu kila upande.

Pima maji mbovu. Kesho nitamrudishia Abdiqadir, anipe nyingine iliyo nzima kabla ya mkutano.